Binti Aliyepaa Angani na Udongo wa Kwao



Leo sina mapishi wala mitindo ya nguo za nikaha. Nataka tuzungumze kitabu, tena si cha malezi wala cha mapenzi. Ni hadithi ya kubuni ya vijana, ya safari za angani, yenye viumbe wenye uadui wanaovamia chombo na kuua watu. Najua wapo watakaosema, "Haya tena, huyu leo kaanza mambo gani?" Nivumilieni kidogo. Kitabu chenyewe kinaitwa Binti. Ndiyo, neno letu hilihili, na ndani yake ni jina la msichana.

Mwandishi wake ni Nnedi Okorafor, aliyezaliwa Marekani kwa wazazi Waigbo wa Nigeria. Kilitoka mwaka 2015 kwa Kiingereza, na mwaka 2016 kilipata tuzo mbili kubwa za hadithi za kisayansi, Nebula na Hugo, katika kundi la riwaya fupi. Kina kurasa kama 90 tu. Ukikianza baada ya Isha, watoto wakiwa wamelala, siku ya pili au ya tatu umekimaliza.

Ninakileta kwenu kwa sababu mabibi harusi wanaokuja kwangu huniuliza swali moja kwa namna nyingi: "Nikishaondoka nyumbani, nitabaki kuwa nani?" Mmoja anamfuata mume Muscat, mwingine Dar es Salaam, mwingine anahamia kwa mama mkwe mtaa wa pili tu, lakini swali ni lilelile. Sijaona kitabu kilicholishika swali hilo vizuri kama hiki cha viumbe wa angani.

KILIVYONIFIKIA

Wengi mnanijua kwa kazi ya singo na hina. Mwaka juzi, mwezi mmoja kabla ya Ramadhani, mdogo wangu wa mwisho alipata mambo mawili makubwa ndani ya wiki moja. La kwanza ni barua ya kukubaliwa kusoma uhandisi katika chuo kikuu kimoja Uturuki, na ada imelipiwa. La pili ni posa. Kijana wa watu wema, anasali, ana kazi yake, na wazee wanajuana tangu zamani. Posa haikuwa na kasoro yoyote, ila wenyewe walitaka nikaha ifungwe mara baada ya Idi na mke abaki hapa hapa Unguja.

Mnazijua nyumba zetu. Kila habari peke yake ingekuwa furaha. Zilipokuja pamoja zikawa mtihani. Ami akasema vyuo vipo hata hapa. Bibi akasema mtoto wa kike akishapanda ndege peke yake, siku anayorudi na shahada yake atakuta wenziwe wana watoto watatu na hakuna mtu anayegonga mlango. Mama hakusema kitu. Alikuwa akikunja kanga ileile mara ya tatu. Baba akamaliza: tukutane Ijumaa baada ya Alasiri, tuzungumze.

Siku ya Jumanne nilikuwa nasugua liwa kwa ajili ya harusi ya mtu. Mdogo wangu akaja, akaweka kitabu pembeni ya jiwe, akasema, "Dada, naomba ukisome kabla ya Ijumaa." Hakuongeza neno, akaingia ndani. Nikanawa mikono, nikakichukua.

HADITHI YENYEWE

Binti ana miaka 16. Ni Mhimba, katika zama zijazo ambapo watu husafiri kwenda sayari nyingine kama sisi tunavyokwenda Pemba. Wahimba ni watu wa kweli. Wanaishi kaskazini ya Namibia, upande wa Kunene, na wengine ng'ambo ya mpaka, Angola. Lugha yao ni jamaa ya Kiswahili. Mtu kwao ni omundu, na ng'ombe ni ongombe. Kwa hiyo kabla hujafika popote katika kitabu, tayari uko karibu na watu wako.

Baba yake Binti ni fundi wa astrolabu, kifaa ambacho katika hadithi hii mtu hubeba ndani yake maisha yake yote, kama simu ya mkononi iliyozidi kiwango. Binti ana kipaji cha hesabu kinachoshangaza, na anatarajiwa kurithi kazi ya baba yake. Kisha anakubaliwa katika Chuo Kikuu cha Oomza, kilicho sayari nyingine, ambako wanadamu ni wachache sana miongoni mwa wanafunzi. Hakuna Mhimba aliyewahi kwenda huko. Watu wake hawapendi kutoka kwao. Kwao elimu kubwa ni ile ya kuchimba ndani, siyo ya kwenda mbali. Familia inakataa. Binti anaondoka alfajiri wakiwa wamelala.

Ndani ya chombo, ambacho chenyewe ni kiumbe hai kinachofanana na kamba wa baharini, anapata marafiki. Karibu wote ni Wakhoush, kabila lenye nguvu linalowadharau Wahimba. Yupo kijana mmoja, Heru, aliyegundua kuwa misuko ya nywele za Binti imepangwa kwa hesabu, na kwamba ndani ya hesabu hiyo mna historia ya ukoo wake. Unaanza kutabasamu. Unasema, hapa kuna jambo.

Halafu wanakuja Wameduse. Ni viumbe kama yavuyavu wa baharini, wale wanaotuwasha tukiogelea, ila wakubwa, wanaelea hewani, wana miiba yenye sumu. Wana vita vya miaka mingi na Wakhoush. Wanaingia ukumbi wa chakula na kuua kila mtu. Heru anauawa mbele ya macho ya Binti. Anabaki rubani, na anabaki Binti, kwa sababu ya kifaa cha kale cha chuma alichokiokota jangwani na kukibeba bila kujua kazi yake. Msichana wa miaka 16, peke yake ndani ya chumba, katikati ya anga, na nje ya mlango wapo waliowaua wenziwe.

Kabla sijaendelea: nitataja na mwisho. Asiyependa kuusikia aruke hadi sehemu niliyoandika Ijumaa.

"NANI ATAMUOA?"

Nilipofika mahali fulani mwanzoni kabisa, nilikiweka kitabu chini nikaenda kunywa maji. Binti anajifanyia hesabu ya ndoa. Anaona kwamba kabla ya kuondoka nafasi yake ya kuolewa ilikuwa kamili, na sasa imekuwa sifuri, maana hakuna mwanamume wa kwao anayemtaka msichana aliyekimbia nyumbani. Mwandishi hakuwahi kukaa barazani kwetu akamsikiliza Bibi, lakini maneno ni yaleyale.

Kilichonigusa ni kwamba Binti hawadharau waliosema hivyo. Hasemi ndoa ni upuuzi, wala kwamba watu wake ni washamba. Anawapenda, na hofu yake ni ya kweli. Vitabu vingi wanavyosoma mabinti zetu vinawafundisha kwamba ukitaka kuwa mtu lazima kwanza uwacheke mama na bibi. Hiki hakifanyi hivyo. Binti anakwenda chuoni na bado anataka kuwa Mhimba, bado anataka radhi za wazee, na bado anaumia. Vyote vimo ndani ya kifua kimoja, na ndivyo tulivyo wengi wetu.

UDONGO WAO, SINGO YETU

Sasa nifike kwenye lile lililonifanya nikisome kama fundi wa kazi yangu. Wanawake wa Kihimba hujipaka otjize, mchanganyiko wa mafuta ya maziwa ya ng'ombe na udongo mwekundu wa mawe, mwili mzima na nywele. Hujifukiza pia kwa moshi wa mimea yenye harufu, kama sisi tunavyokaa juu ya chetezo cha udi. Otjize ni urembo, ni usafi, ni kinga ya jua, na ni utambulisho. Katika hadithi, Binti bila otjize anajihisi yuko uchi.

Mwanzoni mwa safari, akiwa kwenye foleni ya kituo, mwanamke wa Kikhoush anamvuta nywele bila ruhusa. Vidole vyake vinabaki vyekundu, ananusa, na anashangaa kwamba vinanukia asmini, kwa sababu walikuwa wameambiwa watu hawa wananuka uchafu. Asmini, dada zangu! Ua tunalolitunga kwa uzi na kulivalisha mabibi harusi. Mwenye kudharauliwa ndiye aliyekuja ananukia.

Hapa kila mmoja ajikague kwa upande wake. Tunajua kuguswa mtandio na wageni mitaani na kuulizwa kama hatuoni joto. Lakini na sisi tumeyasema mangapi juu ya wanawake wa makabila mengine, juu ya mafuta yao, nywele zao, chakula chao? Mola wetu ametueleza katika Suratur Rum kuwa tofauti za lugha na rangi zetu ni katika ishara zake. Ishara hutazamwa kwa heshima, haivutwi kwa vidole.

Kisha tazameni kazi ya otjize katika hadithi. Binti anagundua kuwa ule udongo wa kwao unaponya majeraha ya Wameduse. Silaha haikumfaa, ila kile alichopakwa na mama yake tangu utotoni kinakuwa dawa ya adui. Lakini akiba yake ni ndogo, mtungi mmoja tu, na safari ni ndefu. Anaweka hesabu ya kila tone. Mimi nimewaona mabibi harusi wakifunga singo ndani ya mfuko, mfuko ndani ya kopo, kopo ndani ya sanduku, na macho yao ni hayohayo: hii ikiisha, itakuwaje?

Mwisho wa hadithi otjize inaisha. Binti anakwenda msituni karibu na chuo, anachimba udongo wa sayari ya ugenini, anauchanganya na mafuta ya maua ya hukohuko, na anaogopa kuujaribu. Ikiwa hautafanya kazi, maana yake otjize ilikuwa ya nyumbani tu na yeye hana tena kwao. Anampaka Okwu, Mmeduse kijana aliyekuwa adui yake na sasa ni rafiki. Udongo unaponya. Udongo umebadilika, lakini mikono inayouchanganya ni ya binti wa Kihimba.

BINTI WA AL-IJLI

Kuna jambo jingine linalotuhusu sisi Waislamu moja kwa moja. Astrolabu si kitu cha kubuni. Ni chombo cha kweli cha kupimia nyota, na mafundi wa Kiislamu waliiendeleza sana kwa sababu ilisaidia kujua nyakati za sala na mwelekeo wa kibla. Katika karne ya 10, katika mji wa Halab nchini Syria, kwenye utawala wa Sayf al-Dawla, alikuwepo mwanamke aliyekuwa fundi wa astrolabu. Ibn al-Nadim amemtaja katika Fihrist yake kwa nasaba tu: al-Ijliyya, binti wa al-Ijli. Baba yake alikuwa fundi wa kazi hiyohiyo, na yeye akaishika. Siku hizi wengi humwita Maryam. Nnedi Okorafor alisikia habari za mwanamke huyu, na hapo ndipo lilipotoka wazo la msichana mtengenezaji wa astrolabu. Hata wale Wameduse walianzia kwenye bahari ya Waarabu: kitabu amekitunuku kwa yavuyavu mdogo wa buluu aliyemwona Sharjah, kwenye Falme za Kiarabu.

Nilimsomea Mama sehemu ile ya Halab. Kabla ya hapo alikuwa ameniuliza kwa wasiwasi, "Viumbe wa angani, mwanangu, hayo si mambo ya shirki?" Nikamwambia Mama, sisi kila rakaa tunamsifu Mola wa walimwengu wote, na hii ni hadithi ya kubuni kama zile za Abunuwasi alizotusimulia yeye mwenyewe. Akacheka. Aliposikia ya Halab akauliza, "Na huyo baba yake ndiye aliyemfundisha?" Nikamwambia baba yake naye alikuwa fundi wa kazi hiyohiyo. Akanyamaza, akaendelea kuchambua mchele.

UADUI NA HAKI

Kwa nini Wameduse waliua? Kwa sababu mwiba wa chifu wao ulikatwa, ukachukuliwa, ukawekwa katika jumba la makumbusho la chuo ili watu wautazame. Kiungo cha mtu aliye hai kimewekwa kwenye kioo kama pambo! Wao walipanga kukivamia chuo kwa kujificha ndani ya chombo cha wanafunzi. Binti anawaomba wamwache aende akazungumze kwanza. Anasimama mbele ya wakubwa wa chuo akaeleza dhuluma iliyofanyika, na wanakubali kuurudisha mwiba. Vita haipigwi.

Mafunzo haya tunayajua. Kitu cha mtu hurudishwa kwa mwenyewe, na Suratul Maida inatukataza tusiruhusu uadui wa watu ututoe kwenye uadilifu. Inalazimu pande zote mbili. Chuo kilichoiba hakiwezi kujificha nyuma ya elimu yake, na walioibiwa hawawezi kumaliza hasira zao kwa watoto waliokuwa wakila chakula chao cha jioni.

Na hapa ndipo ninapogombana na kitabu. Baada ya sulhu, Okwu anakaribishwa chuoni kuwa mwanafunzi wa kwanza wa kabila lake, na ninaelewa kwa nini. Lakini Heru? Na wale wasichana waliokuwa wakicheka naye? Wana mama zao huko duniani. Hadithi inawapita haraka mno. Sulhu isiyotaja jina la aliyeuawa inawatuliza waliohai tu, na dini yetu imeweka haki ya ndugu wa marehemu mbele: wao ndio wenye kusamehe, siyo mwingine kwa niaba yao. Binti hakuwa na mamlaka ya kumsamehe mtu kwa niaba ya mama yake Heru. Katika vitabu viwili vilivyofuata, vya 2017 na 2018, mwandishi anarudi kwenye maumivu yaliyobaki ndani ya Binti, na hilo linasaidia. Ukisoma cha kwanza peke yake, shika swali hilo mkononi.

Jingine ni kule kuondoka kwa siri. Sitampa binti yeyote kitabu hiki nikamwambia fanya kama huyu. Wazazi wana haki, walii ana nafasi yake, na safari ya mwanamke ina hukumu zake ambazo wanazuoni wamezieleza kwa tofauti zao, muulize unayemwamini. Lakini someni vizuri kwa nini aliondoka alfajiri. Nyumbani kwao alipewa majibu, hakupewa swali hata moja. Kila mtu alijua anachopaswa kutaka.

IJUMAA

Tulikaa ukumbini baada ya Alasiri. Wanaume upande mmoja, sisi upande wa pili, mdogo wangu karibu na mlango, mtandio umeshuka mpaka kwenye nyusi. Wakazungumza nusu saa. Mahari ikatajwa, tarehe ikatajwa, hata ukumbi wa sherehe ukatajwa. Ami akamtazama mdogo wangu, akasema kwa furaha, "Kanyamaza. Basi karidhia, mwambieni Mama atengeneze kahawa."

Mnajua amelitoa wapi neno hilo. Ni mafundisho sahihi kwamba ukimya wa mwari ni idhini yake, kwa ajili ya haya. Lakini idhini ile ni ya aliyeulizwa. Nikasema, "Ami, samahani, shikamoo yako. Kunyamaza ni jibu, na hapa hakuna aliyeuliza. Naomba Baba amuulize."

Nilisikia moyo wangu kooni. Mimi ni mkubwa, nimeolewa, nina watoto wawili, na bado haikuwa rahisi. Bibi akanikata jicho. Baba akakaa kimya muda ambao kwangu ulikuwa mrefu kuliko Ramadhani. Kisha akamgeukia binti yake, akamwita kwa jina lake la utotoni, na akamuuliza, "Wewe unataka nini?"

Mdogo wangu akajibu kwa sauti ndogo lakini hakutetemeka. Alisema kijana hamkatai. Alisema anataka kusoma, na kama upande wa pili watakubali, nikaha ifungwe na yeye aende akasome, au wasubiri. Na kama hawatakubali, basi anaomba radhi za Baba aende, kwa sababu hataki kuondoka bila radhi. Akamalizia kwa kusema amekubali lolote litakalotokea kwenye posa, ila hataki jibu litolewe kwa niaba yake.

Baba akasema, "Nimesikia." Hakuna aliyetengeneza kahawa siku ile. Jumamosi alikwenda mwenyewe kwa wazee wa kijana, akawaeleza bila kuficha. Waliomba muda. Baada ya wiki tatu walileta jibu kwa adabu kabisa kwamba kijana wao anahitaji mke wa karibu. Hatuwalaumu, nao wana haki ya kutaka wanachotaka. Mdogo wangu alilia usiku mmoja, na siwadanganyi kwamba hakuumia. Hesabu ya Binti ilikuwa ya kweli: kuna kinachopotea.

Nami sina mwisho mtamu wa kuwapa hapo. Hajaolewa bado. Bibi kila Idi anauliza. Inshaallah riziki yake ipo, na wakati wake Mola anaujua.

WARIDI LA ISPARTA

Alipoondoka, Mama alimfungia kipande cha liwa, karafuu, na kopo la singo niliyoisaga mwenyewe: asmini, langilangi, mawaridi, rehani na mpachori. Hakulia uwanja wa ndege. Alimwambia tu, "Usiipake yote, utakuja kuihitaji."

Mwaka wa kwanza haujaisha, singo ikaisha. Rafiki yake wa bweni, msichana wa Kisomali, alikuwa anaolewa hukohuko, mbali na mama yake. Hakukuwa na mtu wa kumpamba. Mdogo wangu akanitumia ujumbe wa sauti saa sita ya usiku: "Dada, asmini sipati, langilangi sipati, mpachori hata hawaijui. Nifanye nini?" Nikamuuliza, huko kuna nini? Akasema mawaridi. Yuko Konya, na si mbali sana na hapo upo mji wa Isparta, unaojulikana kwa mashamba ya mawaridi na marashi yake. Nikamwambia basi anza na waridi. Loweka kwa marashi ya huko, tia karafuu za Mama zilizobaki, sugua kile kipande cha liwa mpaka kiishe.

Alinitumia picha ya mikono ya bibi harusi peke yake, kwa heshima. Aliniambia walifunga mlango, wakafukiza udi, wasichana wa nchi tano, mmoja akaimba kwao na mwingine kwao, na yule Msomali akalia na kucheka kwa pamoja. Singo ile haikuwa na harufu ya Unguja. Alisema ilikuwa na harufu ya waridi tupu na karafuu kwa mbali. "Lakini Dada," akasema, "ngozi yake ilikuwa laini vilevile."

UKITAKA KUMPA MWANAO

Kwa wanaotaka kukisoma au kumpa binti wa nyumbani, haya ndiyo ninayoshauri.

Umri: kuanzia miaka 14 hivi. Kuna mauaji ya ghafla mwanzoni mwa safari, na yanatisha. Hakuna mambo ya aibu ya kukuziba uso.

Lugha: Kiingereza chake hakina ugumu mkubwa, ila ana maneno ya kubuni. Usisimame kwenye kila neno, maana litajieleza mbele.

Msome pamoja. Mkimaliza muulize maswali matatu: Kwa nini aliondoka kwa siri? Nani alidhulumiwa, na nani alidhulumu? Ungebeba nini kutoka nyumbani? Kisha, tafadhali, mwache ajibu mwenyewe hadi amalize.

Mwambie pia habari ya mwandishi. Nnedi alikuwa mchezaji wa tenisi. Akiwa na miaka 19 alifanyiwa upasuaji wa uti wa mgongo, akaamka hawezi kutembea. Kitandani hospitalini ndipo alipoanza kuandika hadithi. Baadaye alitembea tena, na hakuacha kuandika.

Na wewe bibi harusi unayefunga sanduku wiki hii, njoo ujifunze kusaga. Usichukue singo iliyokwisha tengenezwa tu, uliza kila ua lina kazi gani, ili siku ukilikosa ujue la kuweka badala yake. Jumamosi asubuhi nipo, jiwe lipo, na wanaojifunza hawalipi.

Niandikieni: ulipoondoka kwenu, ulibeba nini, na kilipoisha ulifanyaje? Mola awahifadhi mabinti zetu walio mbali na walio karibu, awape wazazi wetu masikio ya kusikiliza, na awape waume wema wanaowataka kuolewa. Amin.

Wabillahi tawfiq.